Taa ya Nyuma Inayoingia Maji: Chanzo, Utambuzi na Tiba

Utangulizi

Waswahili husema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumeizoea katika insha na hotuba, ila si mara nyingi tunapoikumbuka tukiwa tumesimama nyuma ya gari baada ya mvua ya masika, tukiyatazama maji yanayochezacheza ndani ya taa nyekundu kama samaki ndani ya chupa. Wengi hulitazama jambo hili, wakacheka, wakaenda zao. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini maji huingia ndani ya taa za nyuma za gari, namna ya kutambua mahali yanapoingilia, na jinsi ya kuyazuia yasirudi tena.

Huenda msomaji akauliza: mada ya gereji yahusu nini katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili? Jibu ni kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, iliifanya lugha hii kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Lugha rasmi haiishii katika ushairi na isimu pekee. Sharti iweze pia kumweleza mtu jambo litakalomwokoa barabarani.

Na hili ni jambo la usalama. Dereva haioni taa yake ya breki. Anayeihitaji ni yule anayemfuata. Katika barabara kuu itokayo Nairobi kuelekea Nakuru, hasa pande za Limuru na Kinungi ambako ukungu hutanda, taa hiyo ndiyo ishara ya pekee inayomwambia aliye nyuma kuwa mwenzake anapunguza mwendo. Ikizimika, aliye mbele hana habari, na aliye nyuma hujua akiwa amechelewa.

Muundo wa taa ya nyuma

Ili tuuelewe ugonjwa, ni vyema kwanza tuujue mwili. Taa ya nyuma ina sehemu kuu mbili. Ya kwanza ni kile ambacho mafundi hukiita kioo, ingawa katika magari ya siku hizi kwa kawaida huwa ni plastiki ngumu ya akriliki yenye rangi nyekundu, ya manjano na nyeupe. Ya pili ni kasha la plastiki linaloshikilia balbu, ambalo ndani yake limepakwa tabaka jembamba mno la metali inayong'aa ili kurudisha mwanga nje. Kiwandani, kioo na kasha huunganishwa kwa joto au kwa gundi. Mahali hapo tutapaita ungio.

Nyuma ya kasha mna matundu ya kuingizia soketi za balbu, na kila soketi huzungukwa na pete ya mpira. Kati ya kasha na bodi ya gari huwekwa gasketi ya sponji. Aidha, taa nyingi huwa na tundu dogo la hewa, ambalo aghalabu huelekea chini au hufunikwa kwa kitambaa maalum kipitishacho hewa na kuzuia maji.

Tundu hilo la hewa ndilo ufunguo wa mada hii, kwa maana taa hupumua. Balbu zinapowaka, hewa iliyo ndani hupata joto na kutanuka. Ikitoka nyuzi 20 na kufika nyuzi 60 za Selsiasi, ujazo wake huongezeka kwa takriban asilimia 13 hadi 14, na ziada hiyo hutafuta njia ya kutokea. Taa inapozimwa, au inaponyeshewa ikiwa bado na joto, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta nyingine kutoka nje. Iwapo njia ya kuvutia ni tundu la hewa, huingia hewa. Iwapo ni ufa uliolowa, huingia maji. Kwa hivyo ufa usioweza hata kupitisha unywele waweza kuijaza taa maji katika msimu mmoja wa mvua.

Jasho au uvujaji?

Waswahili pia husema: chururu si ndo ndo ndo. Mchururiko na matone ni mambo mawili. Vivyo hivyo, taa inayotoa jasho si sawa na taa inayovuja, na anayechanganya mawili haya hutibu ugonjwa usiokuwapo.

Jasho ni ukungu mwembamba unaoonekana ndani ya kioo asubuhi yenye baridi au baada ya gari kuoshwa. Unatokana na unyevu wa hewa uliogeuka vitone ulipogusa kioo baridi. Taa ikiwashwa kwa muda au jua likipanda, ukungu huo hutoweka wenyewe. Hii si hitilafu. Ukidumu kwa siku kadhaa bila ya kuwapo maji yaliyotuama, yamkini tundu la hewa limezibwa na vumbi, tope au utando wa buibui. Tiba yake ni kulizibua tu.

Uvujaji, kwa upande mwingine, huacha ushahidi: matone makubwa yanayotiririka, maji yaliyotuama chini ya taa, au mstari wa tope unaoonyesha kiwango yalipofikia. Maji ya namna hii hayakuletwa na hewa. Yana mlango yaliopitia.

Milango minne ya maji

Mlango wa kwanza ni ungio la kioo na kasha. Mitikiso ya barabara na jua la miaka mingi hulichosha. Wa pili ni ufa katika kioo chenyewe, unaotokana na kugongwa au na kukazwa kupita kiasi kwa nati zinazoshikilia taa. Wa tatu ni pete za mpira za soketi, ambazo hukauka na kupoteza unyumbufu. Hapa yafaa tukumbuke kwamba magari mengi nchini Kenya huagizwa yakiwa yamekwisha kutumika, hasa kutoka Japani, na kanuni huruhusu yasiyozidi umri wa miaka 8. Basi hata gari linaloitwa jipya huenda likawa na mipira iliyozeeka.

Mlango wa nne ni gasketi ya sponji. Huu una udanganyifu wake: taa yaweza kuwa kavu kabisa ilhali maji yanapita pembeni mwake na kuingia ndani ya buti, yakajikusanya chini ya gurudumu la akiba. Mwenye gari hunusa uvundo kwa miezi asijue kuwa chanzo chake ni taa.

Madhara yake

Maji yakifika kwenye soketi, vipande vya shaba huota kutu ya kijani na umeme hupita kwa shida. Balbu nyingi za nyuma huwa na nyuzi mbili: wa wati 5 kwa taa ya usiku, na wa wati 21 kwa breki. Mguso ukiharibika, breki hufifia hata ikafanana na taa ya kawaida. Hali kadhalika, waya unaorejesha umeme kwenye bodi ya gari ukiliwa na kutu, umeme hutafuta njia nyingine: ukikanyaga breki, indiketa nayo huwaka kidogo. Maji yakiunganisha waya mbili hutokea shoti, na fyuzi ikikatika, taa zote zinazoitegemea huzimika. Tone baridi likiangukia balbu yenye moto, hupasuka. Kwa taa za LED, maji hula bodi ya saketi, na mara nyingi hulazimu kununua taa nzima.

Kuutafuta mlango

Kosa lililoenea ni kupaka silikoni kila mahali kabla ya kujua maji yanapitia wapi. Utafiti hutangulia tiba.

Kwanza, kausha sehemu yote ya nyuma, kisha upake vumbi la chaki kuzunguka taa kwa upande wa ndani ya buti. Mwagilia maji kwa mpira ukianzia chini na kupanda juu polepole, ukikaa dakika chache kila mahali, huku mwenzako akitazama ndani kwa tochi. Maji yakipita yatachora njia yake kwenye chaki. Kuanzia chini kuna maana: ukianzia juu, maji hutiririka na kulowesha milango yote kwa pamoja, usijue upi ndio wenye kosa.

Ikiwa taa yenyewe ndiyo inayovuja, iondoe na uipime jinsi fundi wa pancha anavyopima tyubu. Ziba tundu la hewa kwa utepe, acha soketi mahali pake, na upulize hewa taratibu kwa mdomo kupitia kijibomba kilichopitishwa kwenye tundu moja la soketi. Paka ungio maji ya sabuni. Povu litakapotokea, hapo ndipo mlango ulipo. Weka alama, na usisahau kuuondoa utepe kwenye tundu la hewa baadaye.

Kukausha na kuziba

Zima taa zote, toa balbu, kisha umwage maji kupitia matundu ya soketi. Ikiwa mna tope, suuza kwa maji safi yenye sabuni kidogo. Usiingize kitambaa na kusugua ndani, kwa sababu lile tabaka linalong'aa hutoka kwa urahisi, nayo taa ikipoteza mng'ao haiponi tena. Usitumie petroli, tina wala spiriti, kwani huweza kuipasua akriliki vijiufa vidogo vidogo. Iache taa juani siku moja au mbili, matundu yakielekea chini. Kikausha nywele chafaa kikiwekwa kwenye moto mdogo. Akriliki hulainika joto likikaribia nyuzi 100, kwa hiyo taa isiwe ya moto kiasi cha kushindwa kuishika kwa mkono.

Ikisha kukauka, kwangua gundi kuukuu kwenye ungio, piga msasa laini, safisha na ukaushe. Kisha paka silikoni ukiisukuma iingie ndani ya ungio badala ya kuitandaza juu yake. Chagua silikoni isiyo na asidi. Ile yenye harufu kali ya siki hutoa asidi inapoganda, na asidi hiyo hushambulia shaba na ule mng'ao wa ndani. Ipe muda wa saa 24 hivi kabla ya kuilowesha.

Pete za soketi zilizokauka zibadilishwe, nazo mpya zipakwe grisi ya silikoni kidogo. Gasketi iliyochoka nayo ibadilishwe kwa sponji yenye vitundu vilivyofungika. Kipande cha sponji ya godoro hakifai, kwa kuwa hunyonya maji na kuyatunza karibu na bati la gari. Unaporudisha taa, kaza nati kwa zamu na kwa kiasi, ukihama kutoka moja hadi nyingine, ili gasketi ibanwe sawasawa.

Kuhusu kutoboa

Wapo mafundi ambao hutoboa tundu chini ya taa ili maji yatoke. Ni kweli kuwa baadhi ya taa hutoka kiwandani zikiwa na vitundu vya kuchujia maji, lakini hivyo hukingwa kwa ustadi dhidi ya maji yanayorushwa na magurudumu. Tundu la keekee halina kinga hiyo. Hutoa maji leo na kukaribisha vumbi na tope kesho. Linaweza kuwa huduma ya kwanza safarini. Lisihesabiwe kuwa tiba. Kadhalika gundi ya haraka: huacha ukungu mweupe kwenye kioo na huvunjika kwa mitikiso. Ikiwa kioo kimepasuka ufa mrefu, ni heri kununua taa nyingine. Anayenunua iliyotumika, kwa mfano katika maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road jijini Nairobi, na aitazame kwanza dhidi ya mwanga: mstari wa tope ndani au alama za silikoni mpya kwenye ungio ni dalili kuwa taa hiyo imekwisha kuugua.

Hitimisho

Tumeona kwamba taa ya nyuma inapaswa kupumua lakini haipaswi kunywa, na kwamba anayeziba kila tundu huikosesha pumzi sawa na asiyeziba lolote anavyoizamisha. Tumeona pia kuwa istilahi za kazi hii hazikutungojea tuziunde. Balbu, soketi, gasketi na fyuzi zimo vinywani mwa mafundi zamani, zikifuata sarufi yetu bila taabu. Pale mafundi wanapotumia neno moja kwa hali mbili, maneno jasho na kuvuja hututosha kuzitenganisha. Ni wajibu wetu wanafunzi na wahadhiri kuyaandika maarifa haya, ili mwenye gari na fundi wake waelewane kabla ya silikoni kufunguliwa.

Baada ya kazi hiyo, usiku rudisha gari nyuma hadi karibu na ukuta mweupe, uwashe taa na ukanyage breki ukitazama kiooni. Wekundu wa kushoto na wa kulia ukiongezeka ukutani kwa kiasi sawa, anayekufuata atakuona.