Mayai ya Krismasi: pamba meza bila kuwadhuru wageni

Krismasi inapokaribia, wengi hutafuta kitu kidogo cha kuwapa wageni kabla ya pilau kuiva. Mayai ya kujazwa yanafaa sana. Trei moja ya mayai 30 hutoa vipande 60, na hata aliye na jiko moja la gesi anaweza kuyatayarisha. Lakini haya ni mapishi yanayoweza kuwalaza watu kitandani Desemba 26 iwapo mpishi hatakuwa mwangalifu.

Hatari yenyewe huja baada ya kuchemsha. Viini vya salmonella, ambavyo huishi matumboni mwa kuku, hufa yai linapoiva sawasawa. Baadaye yai humenywa, hukatwa na kujazwa kwa mkono, na halirudi tena motoni. Siku hiyo hiyo, jikoni humo humo, huenda kuku wa sikukuu anakatwakatwa. Kisu au ubao uliomgusa kuku mbichi ukitumiwa kwa mayai, viini hurudi. Kwa hivyo, maliza kazi ya mayai kwanza, uyaweke kwenye friji, ndipo umshughulikie kuku. Osha mikono kwa sabuni kila mara.

Usinunue mayai yenye nyufa, hata ukipunguziwa bei. Chagua yaliyokaa karibu juma moja, kwa maana yai lililotagwa jana huwa gumu kumenya. Yatie katika maji baridi, na yakianza kutokota hesabu dakika 12. Walio Nairobi, ambako maji huchemka kwenye nyuzi takriban 94 badala ya 100 kwa sababu ya mwinuko, waongeze dakika mbili. Yatoe uyatie katika maji baridi mara moja. Ukiona mviringo wa kijani kibichi kandokando ya kiini, usiogope. Hiyo ni dalili tu kwamba yai limechemka kupita kiasi.

Kata kila yai katikati kwa urefu, toa kiini, ukiponde pamoja na chumvi kidogo, pilipili manga na kijiko cha mayonezi ya chupa. Ile ya kujitengenezea nyumbani kwa mayai mabichi afadhali uiache. Mwenye kuchunga uzani atumie maziwa ya mala mazito. Ukitaka rangi ya kijani, ponda parachichi na ndimu ndani yake. Ukitaka nyekundu, loweka mayai yaliyomenywa kwa saa chache ndani ya friji katika maji ya bitiruti yaliyopoa, yenye siki kidogo. Kisha pamba kwa majani ya dania na vipande vidogo vya pilipili hoho nyekundu. Wako wanaotengeneza sanamu za theluji kwa mayai, lakini theluji yetu iko kileleni mwa Mlima Kenya, na dania inapendeza vya kutosha.

Wageni wetu hufika mmoja mmoja tangu saa nne asubuhi hadi jioni, na sahani hubaki mezani ikiwangojea. Hapo ndipo mambo huharibika. Mayai yasikae nje ya friji zaidi ya saa mbili. Mjini Mombasa, ambako joto la Desemba hupita nyuzi 32 mara nyingi, yasizidi saa moja. Toa sahani ndogo ndogo, na yaliyopitisha muda yatupwe. Asiye na friji ayapambe wageni wakiwa wamekwisha kuketi.

Dalili za sumu hii ni kuhara, homa na maumivu ya tumbo, na huanza kati ya saa sita na siku sita baada ya kula. Wengi hupona bila dawa, mradi wanywe maji ya chumvi na sukari yanayouzwa katika pakiti kwenye maduka ya dawa. Lakini mtoto wa chini ya miaka mitano, mzee, mja mzito, au yeyote anayehara damu, apelekwe hospitalini bila kuchelewa.