Saluti ya Andrew Mynarski

Mpiga bunduki wa mkiani katika ndege ya mabomu aina ya Lancaster alikaa peke yake. Wenzake sita walikuwa mbele. Yeye nyuma kabisa, ndani ya kizimba cha chuma na kioo, uso umeelekea kule ndege ilikotoka. Kizimba kilikuwa chembamba hata parachuti haikuenea humo. Aliiacha nje ya mlango, nyuma ya mgongo wake. Wanangu, ushikeni mlango huo, maana kisa chote kinaning'inia hapo.

Mwaka 1944, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, katika ndege moja ya Kikosi cha 419 cha Jeshi la Anga la Kanada, aliyekaa katika kizimba hicho alikuwa Pat Brophy. Rafiki yake mkubwa, Andrew Mynarski, alikaa katika kizimba kingine juu ya mgongo wa ndege. Andrew alizaliwa Winnipeg mwaka 1916, mtoto wa wahamiaji kutoka Poland. Baba yake alipofariki, alifanya kazi ya kukata ngozi ili nyumbani pasilale njaa, na mwaka 1941 akaingia jeshini.

Brophy alikuwa ofisa, Andrew hakuwa, na jeshini maofisa hulala kwao na askari wengine kwao. Basi usiku waliporudi matembezini na kufika pa kuachana, Andrew alisimama wima kwa mzaha, akapiga saluti na kusema: "Usiku mwema, afande." Wakacheka, kila mtu akaenda kulala.

Tarehe 12 Juni, siku sita tu baada ya majeshi ya Uingereza, Marekani na Kanada kutua pwani ya Normandy, walitumwa kutoka Uingereza kupiga reli za Cambrai, kaskazini mwa Ufaransa, ili Wajerumani washindwe kupeleka askari na silaha pwani. Ilikuwa safari yao ya 13, na wangefika baada ya saa sita usiku, yaani tarehe 13. Wazungu wengi huiogopa namba hiyo kama sisi tunavyomwogopa bundi. Wakiwa wamekaa majanini kungoja kuondoka, Andrew aliokota jani la mmea wa klova lenye vipande vinne, ambalo kwao ni bahati, akampa Pat. Hakujiwekea.

Juu ya Ufaransa ndege ya Kijerumani iliwajia kutoka chini, gizani. Injini mbili za kushoto zikawaka, na moto mwingine ukazuka ndani ya kiwiliwili, kati ya kizimba cha Andrew na cha Brophy. Rubani, Art de Breyne, akaamuru wote waruke.

Brophy alifungua mlango, akaivuta parachuti yake, kisha akataka kukizungusha kizimba ili aangukie nje. Kikazunguka kidogo tu, kikakwama. Mabomba ya mafuta yaliyokiendesha yalikuwa yamepasuka. Akajaribu mkono wa akiba wa kuzungushia, ukavunjika. Sasa mlango haukuelekea nje wala ndani ya ndege, naye hakuweza kutoka wala kurudi.

Andrew alikuwa amekwisha fika kwenye tundu la kutokea. Angeruka, na hakuna ambaye angemlaumu. Akageuka, akamwona rafiki yake. Akatambaa kwa magoti na mikono katikati ya mafuta yanayowaka, akakipiga kizimba kwa shoka, kisha akakivuta kwa mikono mitupu. Nguo zake zilikuwa zinaungua. Brophy akampungia: nenda! Andrew akarudi kinyumenyume, akimtazama muda wote. Kwenye tundu akasimama wima, moto ukiwa kiunoni, akapiga saluti. Kelele zilikuwa nyingi, lakini Brophy aliyajua maneno yale kwa kuona midomo tu.

Parachuti ya Andrew nayo ilikuwa imeshika moto. Wafaransa walimkuta akiwa hai, lakini majeraha yakamuua. Alikuwa na miaka 27. Amezikwa Méharicourt.

Na Brophy? Ndege ilianguka shambani pamoja na mabomu yake, naye akiwa ndani. Bawa likagonga mti, ndege ikazunguka kwa kishindo, naye akarushwa nje, mzima. Hakuvunjika hata mfupa. Wenzao wengine watano nao walipona. Baadhi wakatekwa, baadhi wakafichwa na Wafaransa. Brophy alifichwa pia, na ni baada ya kurudi Uingereza ndipo alipoambiwa kwamba Andrew hayupo.

Fikirini: aliyeona saluti ile ni mtu mmoja, na huyo ndiye aliyepaswa kufa. Brophy alimsimulia rubani wao mwaka 1945, naye akaanza kupeleka maombi ya nishani. Oktoba 1946 Andrew akatunukiwa nishani ya Victoria Cross, ya juu kuliko zote za ushujaa katika majeshi ya Uingereza na Kanada. Alitunukiwa ingawa hakufaulu: kizimba hakikuzunguka.

Sitawaficha upande mwingine. Mabomu ya ndege zile yaliua raia wengi, Wajerumani na hata Wafaransa waliokuwa wakikombolewa. Na marubani na wenzao zaidi ya 55,000 wa kamandi ya Uingereza iliyoziongoza ndege hizo hawakurudi. Wengi wao walikufa pasipo kubaki hata mmoja wa kueleza walichofanya mwishoni.

Leo Lancaster zinazoweza kuruka zimebaki mbili duniani. Moja iko Uingereza. Nyingine iko Hamilton, Kanada, imepakwa alama za ndege ya Andrew, na watu huiita kwa jina lake.