Binti anajua jibu, kwa nini hanyooshi mkono?

Bomang'ombe. Ripoti ya mwisho wa muhula humpa mzazi alama za kila somo, lakini haimwambii mwanawe aliongea mara ngapi darasani. Kwa mwenye binti kidato cha kwanza, hilo si jambo dogo.

Katika shule za msingi za Serikali mtoto hufundishwa kwa Kiswahili. Akiingia sekondari, karibu masomo yote yanageuka Kiingereza. Ili ajibu, anyooshe mkono, asimame, aunge sentensi kwa lugha asiyoizoea, mbele ya wenzake walio tayari kucheka.

Wavulana nao huchekwa, hasa sauti inapoanza kukwaruza kwa balehe. Ila mara nyingi wao hupayuka jibu kabla ya kuitwa, na mwalimu mwenye darasa kubwa humfuata aliyepayuka. Msichana anayesubiri zamu hukuta swali limeshapita.

Kuna na huko kusimama. Aliye kwenye hedhi na hana pedi ya uhakika anaweza kujua jibu akabaki ameketi, akihofia sketi imechafuka. Kwenye ripoti ataandikiwa "mpole", neno zuri lisiloeleza kitu.

Mwaka 1996, wahadhiri wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama na Amandina Lihamba, walianzisha mradi wa Tuseme. Wasichana wa sekondari walitumia maigizo na nyimbo kueleza yanayowakwamisha shuleni. Baadaye FAWE, mtandao wa wanawake wanaoshughulikia elimu Afrika, ukaupeleka nchi nyingine.

Dawa nyingine ni subira. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alibaini kuwa walimu husubiri jibu kwa takribani sekunde 1 tu. Wakisubiri 3, wanafunzi wengi zaidi hujibu, tena kwa maelezo marefu. Hata waliodhaniwa wazito huanza kuongea.

Nyumbani pia subira hiyo inahitajika. Baba anapouliza habari za shule jioni, binti yuko jikoni anamenya ndizi. Anayejibu ni kaka yake. Mwite akae, mkaka amalizie ndizi. Akikwama katikati ya sentensi, usimmalizie.

Na kwenye kikao cha wazazi kijacho, ukishaonyeshwa alama, muulize mwalimu wa darasa: binti yangu huwa anauliza maswali?