UZI: Pesa za COVID za Marekani zilijengaje uwanja wa besiboli, na mbona haikuwa wizi?

1. Wadau, kila mjadala wa pesa za COVID ukianza hapa, lazima mtu aseme, "Hata Marekani kaunti zilikula hizo pesa, zikajenga viwanja." Mwingine anajibu, "Kule sheria inafanya kazi, hakuna kitu kama hicho." Wote wawili wana nusu ya ukweli. Leo nataka tuitazame nusu ile nyingine. Ni mrefu kidogo, vumilieni.

2. Tuanze na pesa zenyewe. Machi 2021 Marekani ilipitisha sheria ya kufufua uchumi ya dola trilioni 1.9. Ndani yake kulikuwa na fungu la dola bilioni 350 la majimbo, kaunti, miji, maeneo ya Marekani nje ya majimbo na serikali za makabila ya wenyeji. Kaunti zilitengewa kama dola bilioni 65. Miji mikubwa ikapata kama bilioni 45. Miji midogo, kama bilioni 19.5 kupitia kwa jimbo lake.

3. Mbona zikapelekwa chini hivyo? Kwa sababu sheria ya kwanza, ya 2020, ilikuwa na matatizo mawili. Moja, serikali ya mtaa ilipata pesa moja kwa moja kama tu ina watu zaidi ya 500,000. Mbili, haikuruhusiwa kuzitumia kuziba pengo la mapato. Yaani mji umefunga biashara, ushuru umekauka, mishahara inasubiri, na pesa ziko kwa akaunti lakini hazigusiki kwa shida hiyo.

4. Kwa hivyo 2021 wakalegeza. Matumizi yaliyokubaliwa mwanzoni yalikuwa manne: kukabili janga na madhara yake kwa afya na uchumi, nyongeza ya malipo kwa wafanyakazi wa mstari wa mbele, maji, maji taka na intaneti, na la nne, kufidia mapato yaliyopotea. Shikilia hilo la nne. Hapo ndipo uwanja ulipopitia.

5. Ukitumia pesa kama fidia ya mapato, unaweza kulipia karibu huduma yoyote ambayo serikali hutoa kwa kawaida. Barabara, polisi, bustani, jengo. Si lazima uonyeshe uhusiano wowote na virusi. Hoja yao ilikuwa hii: kama ushuru ungeingia kama kawaida, si ungelipia vitu hivyo hivyo?

6. Sasa, mwanzoni ilibidi upige hesabu kuthibitisha umepoteza kiasi gani. Januari 2022 Wizara ya Fedha ikatoa kanuni za mwisho: kila serikali inaweza kuhesabu hadi dola milioni 10 kama mapato yaliyopotea bila kuthibitisha chochote. Tuseme mji wako ulipewa milioni 8. Basi zote 8 zinaingia hapo. Serikali nyingi ndogo zilipata chini ya milioni 10, kwa hivyo masharti mengi yakayeyuka kwa sentensi moja.

7. Ndiyo maana Kaunti ya Dutchess, New York, iliweza kuweka takriban dola milioni 12 kwa ukarabati wa uwanja wa besiboli. Watu walipiga kelele, na walikuwa na haki. Lakini kelele ya "wameiba" na kelele ya "wamechagua vibaya" si moja. Ya kwanza unampelekea mpelelezi. Ya pili unaipeleka kwa kura na kwa kikao cha bajeti.

8. Na si kila mtu alichagua uwanja. Kaunti ya Cook, Illinois, ilitenga dola milioni 12 kununua madeni ya hospitali ya wakazi wake na kuyafuta. Deni kuukuu huuzwa kwa bei ya kutupa, kwa hivyo dola moja inaweza kufuta deni la dola mia hivi. Mji wa Chicago ukalipa familia 5,000 dola 500 kila mwezi kwa mwaka mzima. Linganisha: sheria ni ile ile, fungu ni lile lile, vipaumbele ni mbingu na ardhi.

9. Kulikuwa na mipaka pia. Huwezi kuzitia kwa hazina ya pensheni. Huwezi kulipa madeni ya serikali. Huwezi kuziweka tu kama akiba ya baadaye.

10. Halafu kuna tarehe. Pesa zilipaswa ziwe zimefungwa kwa mkataba kufikia 31 Desemba 2024, na zitumike kufikia 31 Desemba 2026. Kuzitaja tu kwenye bajeti hakukutosha, lazima mkataba au oda iwepo. Isipofanyika, zinarudi kwa serikali kuu. Ukisikia "wametumia", uliza: wamepanga, wamefunga mkataba, au wamelipa? Hizo ni namba tatu tofauti, na wanasiasa huchagua ile inayowapendeza.

11. Hatari ambayo mimi naiona kubwa kuliko uwanja ni hii: pesa ya mara moja kulipia gharama ya kila mwaka. Ukiajiri walimu au polisi kwa hizo pesa, siku zinaisha lakini mshahara hauishi. Hapo unapandisha ushuru au unafuta watu kazi. Ubaya wa uwanja unaonekana kwa macho. Ubaya huu unafika kimya kimya, baada ya aliyeajiri kuondoka ofisini.

12. Kwetu je? Kaunti zetu 47 zinazijua aina zote mbili. Kuna mgao wa usawa, ambao Katiba inasema usipungue asilimia 15 ya mapato ya taifa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa. Huo kaunti inaupangia yenyewe. Halafu kuna ruzuku zenye masharti, kama zile za COVID. Masharti yakibana sana, pesa zinalala kwa akaunti huku wauguzi wakigoma. Yakilegea sana, tunapata uwanja. Hakuna njia isiyo na gharama.

13. Kwa hivyo gavana au MCA wako akitajwa kwa mambo ya ruzuku, kabla hujaandika "wezi", uliza matatu. Sharti la hizo pesa lilisema nini? Zimepangwa, zimefungwa kwa mkataba au zimelipwa? Na zikiisha, nani atalipa gharama itakayobaki?

14. Akishindwa kujibu la kwanza, huenda kuna kesi. Akishindwa la pili, anacheza na namba. Akishindwa la tatu, jua bili inakuja kwako. Maswali wekeni hapo chini, nitajibu nikipata nafasi.