Bahari haiji kesho: ufa, tsunami na safari ya miamba vilindini

Ardhi ilipopasuka karibu na Mai Mahiu mwezi Machi 2018, simu zetu huku Pwani zilijaa jumbe za kutisha: Afrika yagawika, bahari yaja. Hofu ikaenea kuliko elimu. Basi tutazame kinachoendelea chini ya miguu yetu.

Chini ya ganda tunaloishi juu yake kuna mantili, tabaka nene la miamba linaloshuka kilomita 2,900 hivi hadi kwenye kiini. Wengi hudhani ni uji wa moto. Sivyo. Karibu yote ni mwamba mgumu. Lakini itazame lami ya barabara wanayopita malori ya bandarini: ukiigonga ni ngumu, ila jua na uzito wa kila siku huifanya ibonyee taratibu. Mantili nayo husogea, sentimita chache kwa mwaka.

Katika kina cha kilomita 660 hivi kuna mpaka. Mgandamizo hapo hugeuza madini yakawa mazito zaidi, na si kila kitu huvuka kwa wepesi. Wataalamu walibishana miaka mingi: je, miamba huvuka, au mantili ya juu na ya chini kila moja hujizungukia peke yake?

Jibu lilitoka kwa mawimbi ya mitetemeko ya ardhi, ambayo huenda kasi zaidi katika mwamba baridi na hupunguza mwendo katika mwamba wa moto. Yameonyesha sakafu ya bahari ikizama. Chini ya Japani imelala juu ya mpaka huo; chini ya Java imepenya hadi chini. Kuzama kwa aina hiyo, upande wa Sumatra, ndiko kulikozaa tsunami ya Desemba 26, 2004 iliyofika hadi ufuo wetu.

Na kuna kinachopanda. Chini ya kusini mwa Afrika kuna eneo kubwa la mwamba wa moto, linaloanzia karibu na kiini na kuinukia upande wa Afrika Mashariki. Mwaka 2025, watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Glasgow walichapisha vipimo vya gesi kutoka Menengai, Nakuru. Neoni iliyomo ina alama ya vilindini, inayofanana na ile ya Bahari ya Shamu na Malawi. Kumbe mpaka huvukwa, kushuka na kupanda.

Na ule ufa wa Mai Mahiu? Wanajiolojia wengi walisema mvua kubwa ndiyo iliyosomba majivu laini ya volkano. Bonde la Ufa hupanuka kweli, lakini kwa milimita chache tu kwa mwaka. Bahari mpya, Mola akijaalia, ni habari ya mamilioni ya miaka.

Hatari iliyo karibu nasi ni nyingine. Siku utakayoona bahari imekupwa ghafla na si wakati wake, usiende kuokota samaki. Chukua watoto, mkimbilie juu.