Usukani wa Ndege: Neno Moja, Vitu Viwili

Mtafsiri anapokutana na habari za hitilafu za kuongoza ndege, neno la kwanza limjialo ni usukani. Neno hili ni la mabaharia. Chomboni, usukani ni ule ubao ulio majini, penye tezi. Mpini unaoshikwa mkononi ni kana. Yalipokuja magari, usukani ukawa kile kinachoshikwa, na kana ikabaki pwani.

Katika ndege mkanganyiko huu si jambo dogo. Tarehe 8 Septemba 1994, ndege ya abiria aina ya Boeing 737 ilianguka karibu na Pittsburgh, Marekani, wakafa watu wote 132. Mwaka 1999 wachunguzi walitoa uamuzi wao: yaelekea vali iendeshayo ubao wa wima wa mkiani ilikwama, na ubao ukageukia upande uliopingana na pedali aliyoikanyaga rubani. Basi mtu akiandika kwamba "rubani aligeuza usukani kinyume", amemtwisha marehemu lawama isiyo yake.

Twapendekeza usukani urudi mkiani, na kinachoshikwa na rubani kiitwe kana, ijapokuwa wako watakaosema kuwa kana ni mti na hiki chafanana na gurudumu. Cha miguuni kibaki pedali. Tena "kukwama" na "kwenda kinyume" visichanganywe: katika ajali hii vali ndiyo iliyokwama, usukani ndio uliokwenda kinyume. "Hitilafu" peke yake yafaa gazetini. Katika ripoti haitoshi.