Podikasti ya Kikundi: Msikilizaji Kwanza, Maiki Baadaye

Siku hizi kila kikundi kinataka podikasti. Klabu ya mazingira inataka, VICOBA ya akina mama inataka, vijana wa bodaboda nao wanataka. Wakishajua mtaani kuna mwanachuo, basi kazi ni yako: "Wewe si unasoma? Tusaidie." Mimi nasoma ualimu, na kwa miezi michache sasa nawasaidia akina mama wa kikundi kimoja cha kuweka na kukopa huku kwenye miteremko ya Mlima Meru, juu ya Tengeru. Wanataka kuzungumzia maji ya mifereji, mikopo na malezi. Ukiombwa na wewe, haya yatakufaa.

Watu wengi huanza kwa kuuliza wanunue maiki gani. Mwenyekiti wetu aliuliza swali zuri zaidi: "Sasa mwanangu, mimi mwenye simu ya tochi nitaisikilizia wapi?" Nikamjibu, "Mama, hapo hapo ndipo tuanzie."

Nchi hii ilishawahi kujibu swali la aina hiyo. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliongoza kampeni ya Mtu ni Afya kupitia redio, kwa wiki 12. Sisi wa ualimu tunaikariri kwa ajili ya mtihani, halafu basi. Lakini angalia walivyofanya. Hawakusubiri kila nyumba iwe na redio. Watu walikaa kwenye vikundi, wakasikiliza pamoja, wakasoma kijitabu, wakajadili, kisha wakakubaliana cha kufanya: kuchimba vyoo, kufyeka majani kuzunguka nyumba. Lengo lilikuwa kufikia watu milioni 1, walioshiriki wakafika takriban milioni 2. Redio ilifanya nusu ya kazi. Nusu nyingine ilifanywa na watu wenyewe baada ya redio kuzimwa.

Kikundi chako kinaweza kufanya hivyo hivyo. VICOBA hukutana mara kwa mara kununua hisa, kwa hiyo wasikilizaji wapo tayari. Wakimaliza hesabu, kipindi kinachezwa kwa spika ndogo, kisha wanajadili swali moja tu. Wenye simu janja watumiwe kwa WhatsApp. Wengine wawekewe kwenye memori kadi, maana vile viredio vidogo vinavyosoma kadi vimejaa sokoni. Kuweka kwenye majukwaa makubwa ya mtandaoni kuje baadaye.

Fikiria na bando la mtu. Kipindi cha dakika 15, ukikihifadhi kwa kilobiti 64 kwa sekunde, kinakuwa na MB 7 hivi. Kwa kilobiti 128 kinapita MB 14, na kwa maongezi ya kawaida sikio halitaona tofauti kubwa. Kwa hiyo chagua ndogo.

Kurekodi, simu inatosha. Iweke shubiri moja hivi kutoka mdomoni na uzime laini isije ikaita katikati. Tafuta sebule yenye makochi na mapazia, ukimbie ukumbi mtupu wenye mwangwi. Chini ya bati wakati wa masika usijaribu kabisa, utarekodi mvua tu. Kukata na kuunganisha, programu ya Audacity ni ya bure. Bibi akitaka kusimulia kwa Kimeru, mwache asimulie, halafu mwingine afupishe kwa Kiswahili. Ukimlazimisha Kiswahili atakupa jibu la mkutanoni.

Sasa, jambo zito. Kijijini sauti ni sawa na sura. Ukificha jina la mama anayeeleza jinsi mume alivyochukua pesa ya mkopo, majirani watamtambua akikohoa tu. Wewe utarudi hosteli, yeye atabaki na huyo mume. Kwa hiyo ruhusa iombwe mara mbili: kabla ya kurekodi, na baada ya yeye mwenyewe kusikiliza kilichorekodiwa. Akisema futa, futa mbele yake, bila kumbembeleza. Hata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inadai uangalifu na habari za watu, ila mimi naona heshima inatangulia sheria.

Na kabla ya kuweka chochote hadharani mtandaoni, kikundi kiulize TCRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapa Arusha. Kuna Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020, zilizorekebishwa mwaka 2022. Waelezeni mnachotaka kurusha, wawaambie kama kinahitaji leseni. Nauli ya daladala ni nafuu kuliko faini.

Mwisho, jiulize podikasti ni ya nani. Wewe utahitimu, utapangiwa kazi Katavi au Mtwara, na nenosiri la akaunti utaondoka nalo kichwani. Kwa hiyo tangu kipindi cha kwanza, chagueni wanachama wawili wajifunze kurekodi na kukata sauti. Barua pepe iwe ya kikundi, nenosiri liandikwe kwenye daftari linalofungiwa kwenye sanduku la VICOBA, lile lenye funguo tatu. Kufikia kipindi cha nne, wewe kaa pembeni ushike spika tu. Wakikwama watakuita. Wasipokuita, hongera, umeshafundisha.